Bwana Diesel na kikombe cha ami yangu

Hapana siku ipitayo bila ya jina lake kutajwa Mombasa, Shimoni, Lamu na Kizingitini, katika vituo vya mafuta na katika vyombo vya baharini, na bado ni wachache wanaojua ya kuwa hilo ni jina la mtu. Sisi husema dizeli kwa herufi ndogo, kama tusemavyo chumvi au sukari. Mwenyewe aliitwa Rudolf Diesel. Alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Ufaransa, mhandisi wa mitambo ya barafu kwa kazi yake ya kwanza, na bahari ilimchukua mwaka 1913 kabla ya injini yake kuingia ndani ya mabasi na matrekta tunayoyajua.

Mimi nilianza kumjua kupitia kikombe. Ami yangu alikuwa na mashua iliyotiwa injini, akipakia boriti na chokaa kutoka Lamu kuja Mombasa. Kila alipojaza tangi, baada ya madebe mawili ya dizeli alimimina kikombe kimoja cha oili safi ya injini, kikombe cha bati cha rangi ya kijani ambacho hakuna aliyethubutu kukinywea chai. Kazi yangu ilikuwa kushika faneli. Niliwahi kumwuliza sababu, akaniambia kwa ufupi ya kwamba pampu haina oili yake, na asiyeilisha ataiona kesho. Nililichukua jibu hilo kama nilivyochukua mengine yote ya wazee, nikalisahau.

Mwaka 2017 nikalikumbuka. Nilikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, na kwa tamaa ya kuokoa shilingi chache kila lita nilizoea kununua mafuta mahali fulani kando ya barabara, mahali ambapo sitapataja. Baada ya miezi michache ikawa ngumu kuwaka asubuhi, kisha ikapoteza nguvu mlimani, kisha ikazimika kabisa. Fundi aliifungua pampu na kunionyesha vyuma vya ndani. Vilipaswa kung'aa kama kioo, kumbe vilikuwa na mikwaruzo kama vilivyosuguliwa kwa msasa. Akatia kidole katika mafuta yangu, akayasugua baina ya vidole viwili na kuyanusa. Yalikuwa yamechanganywa na mafuta taa. Bei ya pampu nyingine ilizidi mara nyingi zile shilingi nilizozioka kwa hesabu zangu za kijanja.

Basi nilianza kumtafuta huyu Bwana Diesel katika vitabu, nijue ni mtu gani aliyebuni injini inayotegemea chakula chake kuwa ndicho mafuta ya viungo vyake. Niliyoyakuta yalinipeleka mbali na pampu yangu, na mwishowe yakanirudisha pale pale.

Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, na kijana Rudolf alikuwa akisukuma mkokoteni katika njia za Paris kuwapelekea wateja mali zao. Mwaka 1870 vita vilipozuka baina ya Ufaransa na Wajerumani, jamaa ile, kama Wajerumani wengine wengi, ilibidi ihame. Walikimbilia London. Maisha huko yakawa mazito, na mtoto wa miaka 12 akatumwa peke yake mpaka mji wa Augsburg akalelewe na jamaa zake, ambako mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu. Sisi wa pwani tunaijua desturi hiyo ya kumpeleka mtoto kwa jamaa ili asome. Wengine hupotea, wengine huokoka. Huyu aliokoka kwa masomo.

Kutoka Augsburg alipata msaada wa masomo akaingia chuo cha ufundi cha Munich. Mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza baridi. Mwaka 1879 Diesel aliugua homa ya matumbo, hata akakosa mtihani wa mwisho pamoja na wenziwe. Alipoufanya mwanzoni mwa mwaka 1880 alifaulu kwa sifa kubwa. Linde akamchukua, akampeleka Paris kusimamia kiwanda cha barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, na wakajaliwa watoto watatu.

Katika madarasa ya Linde alikuwa amejifunza jambo ambalo halikumwacha alale. Injini za mvuke za siku zile zilikuwa zikila makaa kwa tani, na katika joto lote lililochomwa, sehemu iliyogeuka kuwa kazi aghalabu haikufika kumi kwa mia. Tisini iliyobaki iliruka na moshi. Diesel aliona ule ni ubadhirifu mtupu. Tena alikuwa na jambo jingine moyoni: injini ya mvuke ilikuwa kubwa na ghali, mali ya matajiri wa viwanda. Yeye alitaka injini ambayo seremala na mfumaji wangeweza kuwa nayo katika karakana zao.

Njia aliyoifikiria ni hii. Yeyote aliyepata kutia upepo katika gurudumu la baiskeli ameona jinsi pampu inavyopata moto. Hewa ikibanwa, hupata joto. Diesel alisema kwa nini tusiibane hewa peke yake ndani ya silinda, kwa nguvu isiyo na kifani, mpaka iwe moto kiasi cha kuyawasha mafuta yenyewe mara tu yanapoingia, bila ya cheche wala utambi? Alipata hati ya uvumbuzi mwezi wa Februari 1893, na mwaka huo huo akachapisha kitabu cha kuueleza mpango wake. Haki isemwe: Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa ametangulia mwaka 1890 na injini ya mafuta iliyowaka kwa chungu cha moto, na ubishi wa nani wa kwanza haujafa hata leo. Lakini kubana hewa mpaka iwashe yenyewe ni njia ya Diesel.

Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kumjaribia, na kampuni ya Krupp ikaingia pamoja nacho. Tarehe 10 Agosti 1893 mafuta yaliingizwa mara ya kwanza. Kipimo kilichofungwa juu ya silinda kilipasuka, vipande vikaruka, na nusura vimwue. Hata hivyo aliondoka pale na furaha, kwani mafuta yalikuwa yamewaka bila ya kuwashwa. Mashine yenyewe haikuweza kujizungusha, ilikuwa ikizungushwa kwa mkanda wa kiwanda. Ilipofika tarehe 17 Februari 1894 ilizunguka kwa nguvu zake, kwa muda wa dakika moja hivi. Husimuliwa ya kuwa fundi aliyekuwa karibu aliuona mkanda umelegea, akatambua kwamba sasa injini ndiyo inayouvuta, akavua kofia yake bila ya kusema neno.

Miaka mitatu mingine ya kuvunja na kuunda ikapita. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini mbele ya watu. Ilikuwa na urefu wa mita 3, ikizunguka mara 154 kwa dakika na kutoa nguvu karibu za farasi 18. Katika joto la mafuta yake, sehemu 26 kwa mia ziligeuka kuwa kazi. Hakuna injini yoyote duniani iliyokuwa imefikia hapo. Maombi ya kununua haki ya kuiunda yakamiminika kutoka nchi nyingi. Adolphus Busch, tajiri wa St. Louis, Marekani, alilipa marka milioni moja kwa haki ya nchi yake. Emanuel Nobel wa St. Petersburg naye akanunua.

Diesel akawa tajiri kabla ya kutimiza miaka 40, na hapo ndipo taabu zake zilipoanza. Injini za mwanzo zilizouzwa zilikuwa na kasoro, baadhi ya wateja wakazirudisha. Kichwa kikamwuma miezi kwa miezi, hata ikabidi alazwe apumzike. Alijenga jumba la fahari mjini Munich. Alitia fedha katika viwanja na katika visima vya mafuta vya Galicia, na nyingi hazikurudi. Mwaka 1903 aliandika kitabu juu ya mpango wa wafanyakazi kumiliki viwanda kwa ushirika, akakithamini kuliko injini yake, lakini wanunuzi walikuwa wachache sana. Kwa maoni yangu hapa ndipo anapopendeza zaidi kama binadamu: mtu aliyebuni mashine kwa ajili ya fundi mdogo, akaona matajiri wa viwanda ndio wanaoichukua, akataka kulipa deni lile kwa kitabu ambacho hakuna aliyekisoma.

Sasa nije katika habari iliyonifanya niweke kitabu chini. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya Diesel kwa mafuta ya njugu nyasa. Injini ilikuwa imeundwa kwa mafuta ya ardhini, haikubadilishwa kitu, na ilikwenda vizuri hata wapitao hawakujua tofauti. Waliotaka jaribio hilo ni serikali ya Ufaransa, nayo ilikuwa ikitazama makoloni yake ya Afrika, ambako njugu zilikuwa tele na makaa hayakuwapo. Diesel mwenyewe alilirudia jaribio hilo baadaye, na mwaka 1912 alieleza katika hotuba zake kwamba mafuta ya mimea huenda yakaonekana madogo siku zile, lakini iko siku yatakuwa na thamani kama ya petroli na makaa. Afrika, basi, ilikuwamo katika habari ya injini hii tangu mwanzo, ingawa hakuna aliyemwuliza Mwafrika.

Mwaka huo huo wa 1912 meli ya Kidenmaki, Selandia, ilitoka Copenhagen mpaka Bangkok kwa injini za dizeli. Watu wa bandarini waliishangaa kwa kuwa haikuwa na dohani. Jina la Diesel lilikuwa limeenea bahari zote, na mwenyewe alikuwa anazama katika madeni.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Harwich, akielekea London kwa mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, akaingia chumbani kwake mnamo saa nne, akaagiza aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Asubuhi kitanda kilikutwa hakikulaliwa. Nguo ya kulalia ilikuwa imetandazwa, saa yake imewekwa mahali pa kuonekana, na kofia na koti lake vilikutwa vimekunjwa kando ya ukingo wa sitaha. Siku kumi na moja baadaye mabaharia wa chombo cha Kiholanzi waliuona mwili uelea. Ulikuwa umeharibika hata hawakuweza kuupakia. Walichukua vitu vya mfukoni, wakaurudisha baharini, na mwanawe Eugen akavitambua vitu vile kuwa ni vya babake.

Nyumbani, mkewe alifungua mkoba aliokuwa ameachiwa na kuambiwa asiufungue mpaka wiki ifuatayo. Ndani mlikuwa na fedha taslimu, na karatasi zilizoonyesha kwamba akiba ya benki ilikuwa karibu imekwisha. Wengi husema alijitupa mwenyewe. Wengine wakasema aliuawa, ama na majasusi kwa kuwa injini yake ilitakiwa katika nyambizi, ama na wenye visima vya mafuta. Wa kuthibitisha hakupatikana. Yaliyopita katika sitaha ile usiku ule ayajuaye ni Mwenyezi Mungu. Hana kaburi.

Msomaji atauliza, na pampu je? Pampu ilikuja baada yake. Injini ya Diesel iliyapuliza mafuta ndani ya silinda kwa hewa iliyobanwa na mtambo mwingine, mzito na wa gharama, na kwa ajili hiyo haikuweza kuwekwa ndani ya gari. Warithi wake wa ufundi waliuondoa mtambo ule, wakaifanya pampu isukume mafuta yenyewe kwa shinikizo kubwa, na mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch kikaanza kuziunda pampu hizo kwa wingi. Ndani yake kuna plunja, kijiti cha chuma kiendacho mbele na nyuma ndani ya ala yake. Nafasi iliyoko baina ya plunja na ala ni elfu chache tu za milimita, ndogo kuliko unywele mara nyingi. Huwezi kutia oili pale, kwani itaingia silindani. Kinacholainisha ni dizeli yenyewe ipitayo. Katika pampu za kuzunguka, kama ile ya pikapu yangu, karibu viungo vyote vya ndani huogelea katika dizeli na havina mlinzi mwingine. Hivyo ami yangu alisema kweli.

Dizeli ina utelezi wa asili, lakini si kwa sababu ya salfa kama watu wengi wasemavyo vijiweni. Salfa huchafua hewa na kuzaa tindikali. Utelezi hutokana na chembechembe nyingine kidogo sana zenye oksijeni na naitrojeni, ambazo hushika juu ya chuma na kukifunika. Balaa ni kwamba kiwanda kikiisafisha dizeli kwa haidrojeni ili kuiondoa salfa, na chembechembe zile huondoka pamoja nayo. Swideni ilipoingiza dizeli safi sana mapema katika miaka ya 1990, pampu zilianza kufa baada ya safari fupi. Ndipo kikabuniwa kipimo: kigololo cha chuma husuguliwa juu ya bamba ndani ya dizeli yenye joto la digrii 60 kwa dakika 75, kisha kovu lake hupimwa. Ulaya wakaamua lisizidi maikromita 460, yaani chini ya nusu ya milimita. Dizeli isiyofikia hapo hutiwa dawa ya utelezi, na dozi yake ni ndogo ajabu, mamia machache tu ya sehemu katika milioni.

Kwetu, siku za ami yangu, dizeli ilitoka katika mitambo ya kusafishia mafuta pale Changamwe na ilikuwa na salfa nyingi. Yaelekea ilikuwa na utelezi wake wa kutosha, na kikombe kile hakikuongeza kikubwa. Mitambo ile iliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutaka dizeli isiyozidi salfa sehemu 50 katika milioni, nayo huletwa kwa meli ikiwa imekwisha safishwa. Dawa ya utelezi hutiwa huko huko kiwandani au katika matangi makuu. Kinachouharibu mpango huo ni mkono wa tatu. Mafuta taa ni mepesi na hayana utelezi wa kutosha, na kwa miaka mingi yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, kwa hiyo wachanganyaji walipata faida tamu. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliyatoza mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuikata faida hiyo. Pampu yangu ilikuwa imeshakufa.

Je, mtu atie kikombe? Nimewauliza mafundi, na nimesoma. Oili iliyokwisha tumika isitiwe kamwe. Imejaa masizi na vumbi la chuma, na ni kama kumpa mgonjwa wa koo mchanga anywe. Oili mpya, kidogo, haikuwadhuru wazee wa injini za zamani. Lakini injini za siku hizi, zenye shinikizo linalozidi mara 1,600 lile la hewa yetu, na zenye kichujio katika bomba la moshi, huchafuliwa na majivu yake. Ajuaye dizeli yake ni safi hana haja ya kuongeza. Asiyejua ni afadhali abadilishe kituo, na mwenye chombo cha baharini achuje maji kwanza, kwani maji hayana utelezi hata chembe, na kutu yake hula plunja usiku mwenyewe amelala.

Lakini kuna jambo moja ambalo lingemfurahisha Bwana Diesel. Katika vitu vyote vilivyojaribiwa kuirudishia dizeli utelezi wake, mojawapo ya vilivyo bora ni mafuta ya mimea, yakiisha kugeuzwa kwa kemia yawe mepesi. Sehemu moja au mbili kwa mia zatosha. Ufilipino, nchi ya minazi kama pwani yetu, ilitunga sheria mwaka 2006, na tangu 2007 dizeli yao yote imechanganywa na mafuta yaliyotokana na nazi. Mafuta ya nazi yatokayo jikoni ni habari nyingine. Ni mazito, huganda kukiwa na baridi kidogo, na huziba nozeli. Mwenzangu mmoja wa Kilifi aliwahi kujaribu, na alitumia siku mbili kusafisha alichokitia kwa dakika moja.

Mashua ya ami yangu sasa i mikononi mwa mwanawe. Mwaka jana nilikwenda Lamu nikakaa naye barazani, nikamweleza haya yote, Paris na njugu, Swideni na kile kigololo, na ya kwamba kikombe cha marehemu hakina haja tena ikiwa mafuta ni safi na kichujio ni kipya. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniongezea kahawa. Alfajiri yake nilishuka gatini kumuaga. Alikuwa amekwisha chuja madebe mawili kwa kitambaa, na alikuwa akikipangusa kile kikombe cha kijani kwa pindo la shati. Akanipa faneli nimshikie.